Jina Lililokuja Siku ya Dhoruba ya Jua

Kazi yangu ni kuongea na watu ambao simu haiwafikii. Nina chumba kidogo nyuma ya kanisa letu hapa Kasubi, Kampala: dirisha moja, meza moja, betri mbili za gari chini ya meza, na juu yake foni. Sisi tuliotoka Kongo ya mashariki ndivyo tunavyoiita ile redio ya kusemea na kusikilizia, yenye kipaza sauti unachokibonyeza ubavuni. Waya wake umetandazwa nje, kutoka mlingoti mmoja hadi mwingine, juu ya kamba ambayo kwaya huanikia majoho yake. Milingoti yenyewe ilichomelewa kwenye karakana za Katwe. Fundi aliyeichomea aliniuliza kama ni ya kupandishia bendera au ya kunyongea mtu. Nilimwambia ni ya kunasia sauti, akacheka mpaka akavua miwani yake ya kazi.

Wageni huniuliza swali moja: kwa nini usipige simu tu? Zamani niliwajibu kwa adabu. Siku hizi nawaambia wachukue simu zao wakasimame katikati ya msitu ninakotoka, siku nzima kwa pikipiki kutoka mnara wa karibu, halafu wanitumie picha. Sina subira na maswali ya namna hiyo. Sina subira kwa jumla, na kila anayenijua atakwambia hivyo kabla hujamuuliza.

Sauti ya foni haitambai ardhini. Inapanda. Huko juu sana, mbali kuliko ndege zinakopita, hewa ni nyepesi mno, na miale ya jua huivunjavunja ikabaki na chembe za umeme. Chembe hizo zimejipanga mithili ya dari, na dari hilo hurudisha sauti yangu chini, ng'ambo ya mto na ng'ambo ya msitu. Mchana dari ni nene, linavumilia masafa ya juu. Jua likizama linapungua, nasi tunashuka. Mimi nina njia tatu tu za masafa kwenye foni yangu, kutoka ya juu hadi ya chini: tisa, saba na tano. Saba ndiyo ya kila siku. Tisa ni ya mchana mkali. Tano ni ya jioni, au ya siku ambayo dari limechoka. Na kanuni yetu, ambayo kila mwendesha foni huimeza kabla hajaruhusiwa kugusa kitufe, ni hii: ukimkosa mwenzako, shuka.

Kuna kanuni ya pili. Katika kila kundi la vituo kuna kituo kimoja kinachoitwa mama. Watoto wakipotea, wao ndio wanaotafuta. Mama habanduki kwenye njia yake. Akibanduka, hakuna wa kumpata mwenzake. Mimi hapa Kampala ndiye mama wa vituo sita.

Aliyenifundisha yote hayo ni baba yangu. Alikuwa mwendesha foni wa hospitali ya misheni huko msituni, na mpaka leo, akiwa karibu na miaka themanini, bado anakalia kiti kile kile. Alinikalisha kwenye magoti yake nikiwa mdogo, akanivisha visikizio vilivyokuwa vikubwa kuliko kichwa changu, akaniambia nisikilize mvua inavyonyesha mahali ambapo siwezi kuiona. Nilikua nikiamini kwamba baba yangu anajua mambo yanayotokea angani kuliko padri.

Kisha vita vikaja. Vilipofika ng'ambo ya mto, nilisema tuondoke. Yeye akasema hospitali isiyo na foni ni nyumba ya kufia tu, haondoki. Tulipigizana kelele mbele ya watu, jambo ambalo kwetu binti hamfanyii baba yake. Nikamfunga mtoto mgongoni nikashika njia, naye akasema mbele ya watu wale wale kwamba amemalizana na mimi. Nilivuka mpaka nikiwa na hasira kuliko njaa.

Miaka mitatu baadaye, nikiwa nimepata kazi hii, niliita kituo cha Msituni kwa mara ya kwanza. Sauti ya baba ikajibu, "Kampala, nakupata." Nilisubiri aongeze neno. Akaniuliza katoni za dawa zimefika ngapi. Tangu siku hiyo tumeongea kila Jumamosi, saa nne asubuhi, miaka kumi na sita sasa, yeye Msituni na mimi Kampala. Tumeongea juu ya ndege, mvua, homa, bati za paa la hospitali. Habari za binti yangu alizipata kwa watu wengine. Sikulalamika. Sauti yake niliisikia, na kuna wiki ambazo hilo lilinitosha kabisa.

Mwaka jana binti yangu, yule niliyembeba mgongoni, alijifungua mtoto wa kike. Ameolewa na kijana wa hapa hapa, Muganda, mpole hata sijui nimkosoe wapi. Wakwe walikuwa na jina la ukoo wao tayari kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Sisi tulikuwa hatuna. Kwetu, mtoto wa kwanza wa binti hupewa jina na mzee mkubwa aliye hai upande wa mama, na mzee hulitoa kwa kinywa chake mwenyewe, mtoto akisikia. Halitumwi kwa mtu wala haliandikwi kwenye karatasi kwanza. Jina lililobebwa na mtu mwingine, bibi zetu waliliita jina la njiani, na mtoto mwenye jina la njiani hasemwi kuwa ni wa nyumba. Mpaka apewe jina, tunamwita Mgeni.

Mzee mkubwa aliye hai upande wetu alikuwa baba.

Niliuma meno, nikamwomba. Sikumwomba mwenyewe, nilimpitishia maneno muuguzi wa kituo cha Kilimani, ambacho kiko katikati ya safari, kati yangu na Msituni. Ni mama mmoja mcheshi ambaye hajanyamaza tangu nimfahamu. Jibu lilikaa wiki mbili. Kisha muuguzi akaniita, akasema mzee amekubali: Jumamosi, saa ile ile ya kila wiki, mtoto awepo kwenye foni. Ubatizo ulikuwa Jumapili yake. Wazazi wa ubatizo walikuwa wanatoka kambi ya wakimbizi, safari ya siku nzima, na mchungaji alikwisha kusema kitabu kitaandikwa siku hiyo na jina lolote litakalokuwepo.

Niseme wazi nilichokuwa nakitaka, maana wakati ule sikumwambia mtu. Kama baba angelitoa jina kwa kinywa chake, mtoto angekuwa wa nyumba yake. Na kama mtoto ni wa nyumba yake, mimi niliyemzaa mama yake ningekuwa wa wapi? Jumamosi hiyo niliitaka kwa moyo wote, na niliiogopa.

Ijumaa mchana mbingu zilifanya vituko. Nilikuwa kwenye saba nikizungumza na Kilimani, mara muuguzi akaja kwa nguvu mpaka nikapunguza sauti. Nilipopanda tisa nikakuta pamejaa watu: Wareno, Waarabu, mtu mmoja anayeimba peke yake kwa lugha nisiyoijua, wote wazi utadhani wamekaa kwenye benchi la nje. Nikamwita jirani yangu aje asikie.

Jirani huyo ni mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, aliyefanya kazi ya mawasiliano jeshini maisha yake yote. Anaishi nyumba ya pili kutoka kanisani na wake zake wawili, mmoja Mwislamu na mwingine anayesali kwetu. Namwita afande, na yeye hunifunza mambo hata nisipomwomba. Alivaa visikizio, akafumba macho, akatabasamu.

"Mama, hii si ya kawaida," alisema. "Jua nataka kupigana. Hata kwa simu naandika. Ona."

Akanionyesha kwenye simu yake ujumbe wa wapenzi wa redio: jua limerusha wingu la chembe, wingu limeigonga dunia, usumaku wa dunia unatikiswa. Dhoruba. Nilimuuliza kama kuna mvua.

"Hapana mvua. Hii dhoruba hapana lowesha mtu. Nagonga kule juu, mwisho wa dunia, kwa barafu. Lakini umeme yake nakimbia mpaka hapa kwetu, mara moja. Nabeba ile dari yako, nasukuma juu, nafanya nene. Ndiyo maana tisa nafunguka. Kesho kama iko bado, wewe panda. Hapana shuka. Panda."

Nilimpenda afande siku hiyo. Nikamwambia muuguzi wa Kilimani: mwambie mzee kesho mambo yakiwa magumu nitakuwa tisa. Akasema atamwambia. Nikafunga ofisi mapema, nikaenda kumsukia binti yangu nywele kwa ajili ya Jumapili.

Jumamosi tulifika saa tatu. Binti yangu aliketi kwenye kiti cha plastiki, Mgeni mapajani, amevikwa kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa linawaka. Nilipanga kila kitu: sikio moja la visikizio litakuwa la mtoto, lingine langu. Saa nne kamili nikabonyeza, nikaita na kumalizia na "kwako", neno letu la kumwachia mwenzako zamu ya kusema.

"Msituni, Msituni, Kampala anakuita. Kwako."

Kelele tupu, mithili ya mafuta yanayochemka kikaangoni. Nikaita tena. Nikaita mara tano. Hakuna Msituni, hakuna Kilimani, hakuna hata Mreno mmoja. Saba ilikuwa imekufa kabisa. Basi nikapanda tisa, nilivyoelekezwa. Nikaita. Mara nikanasa kitu kwa mbali, nusu ya neno, kisha kimya. Nikashuka tano. Kimya. Nikarudi saba. Nikapanda tena tisa. Kila ninapofika, nasikia kana kwamba mtu amefunga mlango sasa hivi.

Saa tano nikaanza kuulaumu waya. Nikatoka nje, nikaondoa majoho ya kwaya kwa hasira, nikaanza kulegeza kamba ya mlingoti ili niushushe. Afande akaja mbio akiwa na mswaki mdomoni.

"Acha hiyo waya! Waya nakosa nini?"

"Ulisema nipande. Nimepanda. Hakuna mtu."

Alitema povu pembeni, akatazama juu, ingawa juu hapakuwa na cha kutazama. Kisha akaniomba radhi, na si mtu wa kuomba radhi. Alisema alisahau nusu ya pili. Dhoruba ikishaupasha moto upepo wa kule kwenye barafu, upepo huo unaanza kushuka kuja kwetu, unachukua saa nyingi, usiku mzima hata zaidi. Ukifika, unaleta umeme wa kinyume na ule wa kwanza. Dari lililoinuliwa jana linaachiliwa, linashuka, linakuwa jembamba. Na kama jua bado linarusha mapigo mapya, dari linavutwa juu na chini kutwa nzima. Kwa hiyo jana kupanda kulikuwa sahihi, leo si sahihi, na kuna nusu saa ambayo ni sahihi tena.

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui, mama. Hapa hata jenerali hapana jua."

Nilirudi ndani nikiwa nimechemka. Binti yangu alikuwa ananyonyesha, akanitazama kwa macho ya mtu anayetaka kusema neno na anajua akilisema atajuta. Akalisema.

"Mama, labda babu amebadili mawazo."

Nilimjibu vibaya. Sitaandika nilichosema. Kilichoniuma ni kwamba nami nilikuwa nawaza hivyo hivyo tangu saa nne na robo. Yule mzee namjua. Hajawahi kubanduka mahali popote, si kwa vita, si kwa mafuriko, si kwa machozi ya bintiye. Kama alisema saa nne kwenye saba, atakaa kwenye saba. Asiponipata, atavua visikizio, ataandika daftarini "Kampala hakuwepo", ataenda kunywa chai. Nilimwona kabisa akiandika.

Nilikuwa kwenye tano, karibu saa saba, nikiita bila tumaini, niliposikia sauti ya mwanamke ikikwaruza.

"Kampala! Mama Kampala! Ni Kilimani. Unanipata? Kwako."

"Kilimani, nakupata kwa shida, mbili kwa tano. Sema. Kwako."

"Weye mama uko naenda wapi na wapi? Mie niko naskia bote wawili tangu asubui, naita, hamuniskii. Muzee anakutafuta! Yeye akiwa mu tano, weye uko mu tisa. Akipanda tisa, weye unashuka tano. Munapishana tu! Nilimwambia vile ulisema, akapanda. Halafu akasema, hapana, ule mtoto wangu hana pasiensi ya kungoja, atakuwa ameshahama. Akashuka. Mama, wagonjwa wangu wananingoja huku, mie niko nacheka peke yangu. Kwako."

Baba amesema "ule mtoto wangu". Nilitaka kumwuliza muuguzi kama hayo ni maneno ya baba mwenyewe au ameyaongeza yeye, maana huongeza. Badala yake niliona aibu, aibu ya kazi. Mimi ndiye mama wa vituo. Kanuni ya mama kutobanduka ndiyo niliyoivunja, saa tatu mfululizo, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba yeye ndiye atakayekuwa mkaidi. Naye, mtu asiyebanduka, alikuwa ameacha njia yake ya miaka hamsini, anapanda na kushuka akinitafuta, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba mimi sitatulia. Kila mmoja alimfuata mwenzake pale alipodhani atakuwa, na hatukukutana.

"Kilimani," nilisema, "mwambie mzee nimekaa tano. Sitoki tano. Hata jua lianguke, niko tano. Umepata? Kwako."

Kelele. Nusu ya neno. Kisha muuguzi akazama, na sikumsikia tena. Kwamba amepata ujumbe au hakupata, sikujua.

Watu wanadhani kazi ngumu ya foni ni kuongea. Kazi ngumu ni kukaa. Saa nane ikapita. Mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye kile kitufe cha kubadilisha njia; nilikuwa nawaza labda hakupata ujumbe, labda yuko tisa, niende dakika moja tu nirudi. Mara mbili binti yangu alinishika kifundo cha mkono. Mara ya tatu afande, aliyekuwa amejiweka mlangoni bila kualikwa, alivua bereti yake ya zamani akaifunika juu ya kitufe.

"Sasa hii iko sentri, nalinda," alisema. "Nagusa, napiga saluti kwanza."

Tulicheka, wote watatu, na Mgeni akashtuka akapiga chafya. Mmoja wa wake za afande alituletea katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, na chai ya majani mengi. Nilikula, kwa kweli nilikula vizuri. Nje kwaya ilikuwa imefika kwa mazoezi ya Jumapili, wakawa wanaulizana nani ameyatupa majoho chini, nami nikajifanya sisikii. Kila dakika kumi nilibonyeza nikaita mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kisha nikaachia. Sikumbuki kama nimewahi kukaa mahali pamoja muda mrefu namna ile nikiwa macho. Kitu fulani kifuani kilianza kulegea. Nilijikuta nafikiri kwamba hata jina lisipokuja leo, kuna mzee anayenitafuta huko, na hilo ni langu tayari.

Saa tisa na nusu, kelele zilipungua, utadhani mtu amepunguza moto chini ya sufuria.

"…pala, Kampala. Msituni anaita. Kampala, uko hapo? Kwako."

Sauti ilikuwa inatetemeka, inakuja na kuondoka, lakini ilikuwa yake. Nilibonyeza kwa nguvu hadi ukucha ukauma.

"Niko hapa, papa. Nakupata. Kwako."

Sikupanga kusema papa. Miaka kumi na sita nilikuwa nasema Msituni. Kelele zikachukua muda, nikaogopa nimeharibu.

"Nimechoka," alisema. "Nilipanda, nilishuka. Mie muzee. Nilisahau kama mama habadilishake njia. Nilipashwa kubaki, ningekungoja tu. Kwako."

"Ni mimi niliyebadilisha, papa. Mimi ndiye mama. Kosa ni langu. Kwako."

Kelele tena. Kisha nikasikia kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa, anavyocheka kwa pua.

"Vile ulikuwaka mtoto," alisema, "ulikuwa unagusagusa kila kitufe. Mtoto iko wapi? Mumuweke karibu. Dari inaondoka, niko naskia vile inaondoka. Kwako."

Binti yangu akapiga magoti karibu na meza. Nikaweka sikio moja la visikizio kwenye kofia ya sufu, lingine kwangu, vichwa vyetu vikagusana, chake kikinuka maziwa. Mgeni alitulia, akafungua macho. Afande akasimama wima, mikono ubavuni.

Baba alisema kwanza maneno yasemwayo kwetu, ya kumwita mtoto aingie nyumbani, apishwe nafasi kando ya moto, akae. Aliyasema polepole, akirudia pale kelele zilipomkata. Kisha akalitoa jina.

Lilikuwa langu. Jina alilonipa mimi mwenyewe, lile la nyumbani, ambalo hapa Kampala hakuna mtu anayeliita na ambalo binti yangu alilijua kwenye karatasi tu. Tangu siku ile niliposhika njia halikuwa limepita kinywani mwake mbele ya masikio yangu. Sasa alikuwa ameliweka kwenye sikio la mtoto, na nusu yake kwenye langu.

"Amesema nini?" binti yangu akauliza kwa kunong'ona. Nikamwambia. Akafunika mdomo, machozi na kicheko vikamjia pamoja. "Kwa hiyo nitakuwa nakukaripia kutwa nzima," alisema.

Kwenye foni, ujumbe wowote muhimu ni lazima anayepokea aurudie ili anayetuma ajue umefika sawa. Ilikuwa zamu yangu. Baba alikuwa anasubiri, kelele zilikuwa zinapanda tena, na dari lilikuwa linakwenda zake kokote linakokwenda. Jina nililisikia vizuri, herufi zote. Nikabonyeza.

"Papa, sikupata vizuri," nikasema. "Rudia. Kwako."

Akarudia.

"Bado, papa. Rudia tena."